Mti Juu ya Nyumba ya Mama

Mwaka ule chuo kikuu kilifungwa mapema kwa sababu tulirusha mawe. Mimi nilirusha moja tu, nalo lilianguka hatua chache mbele yangu, lakini amri ya kufunga chuo haikubagua kati ya waliolenga na waliojaribu. Nikarudi nyumbani, karibu na Rodi Kopany, nikiwa na suruali mpya ya jinzi, miwani ambayo sikuihitaji sana, na insha ya kurasa kumi na nane kuhusu desturi ya kurithi wajane kwetu sisi Wajaluo. Mhadhiri wangu alikuwa ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba ni kazi nzuri sana. Niliiweka juu ya nguo zote kwenye begi ili isikunjike.

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilimsimulia yaliyomo. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nikamweleza jinsi desturi inavyoushikanisha ukoo, na jinsi nyumba ilivyo ishara ya hiki na kile. Alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akainua macho akalitazama paa.

"Na hiyo karatasi," akauliza, "inaweza kuziba tundu gani?"

Lilikuwa swali la haki. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekufa miaka miwili kabla, baada ya kuugua tumbo kwa miezi minne. Nyumba aliyomwachia Mama ilikuwa ya duara, ya udongo na nyasi, na kama nyumba zote za aina hiyo kwetu, kileleni pake palichomoza mti mfupi uliochongwa. Mti huo tunauita osuri. Ukiuona, unajua nyumba ina mwanamume wake. Mwanamume akifa, mti huvunjwa. Wa Baba aliuvunja mdogo wake, baba yangu mdogo, siku chache baada ya mazishi, huku machozi yakimtiririka. Akashuka na kipande mkononi asijue akitupe wapi, akaenda nacho kwake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa paa lile. Kanuni ilikuwa kwamba nyumba ya mjane haiongezwi hata unyasi mmoja mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Atakayepanda kabla ya hapo atapatwa na chira. Na chira, kwa asiyeijua, ni ule ugonjwa wa kuvunja mwiko unaomla mtu na watoto wake polepole, mpaka ukimwona unadhani ni fito zimevalishwa shati. Miaka ile watu wengi walikonda hivyo. Kila Jumamosi palikuwa na matanga mahali fulani kati ya Rodi na Rongo, na watu walikuwa wakiyasema majina yote ya magonjwa isipokuwa lile lenyewe. Kwa hiyo chira haikuwa hadithi ya wazee. Ilikuwa na nyuso tulizozijua.

Mama alikataa kurithiwa. Si kwamba baba mdogo alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye ng'ombe watatu na mke mmoja ambaye yeye mwenyewe alimwogopa kuliko chira. Mama alikataa kwa sababu alikuwa ameokoka, na neno hilo yeye alilichukua kama lilivyo, kama mtu aliyetolewa majini. Basi kwa misimu minne ya mvua paa likaoza juu ya kichwa chake. Alijua kila tundu kwa sauti: lile la sufuria, lile la karai, lile la mkebe wa mafuta. Mvua ikianza usiku wa manane au mchana wa jua, alipanga vyombo vyake bila kutazama juu, kama mwalimu wa kwaya anayewapanga waimbaji.

Mwaka ule sasa ulikuwa na jambo jingine. Kanisa letu dogo la mabati lilikuwa na desturi ya kula Krismasi katika nyumba ya mmoja wa washirika, kwa zamu. Baada ya ibada watu wote walikwenda huko, wakaketi ndani, wakala, wakaomba. Mwaka huo zamu ilikuwa ya Mama. Wengine walipendekeza kwa upole kwamba zamu irukwe. Mama akasema zamu si mtaro, hairukwi.

Baba mdogo akaja Jumapili moja alasiri. Hakuingia. Aliketi kwenye kigoda nje ya mlango, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Nyar Migori," akaanza. Maana yake ni binti wa Migori. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka, hata akikaa kwa mumewe miaka hamsini. "Nasikia mwaka huu Krismasi ni kwako."

"Zamu ni yangu, Shemeji."

"Watu watakula wapi?"

"Ndani. Watu hula ndani."

"Ndani kuna mvua."

"Ndiyo maana nataka kuezeka."

Baba mdogo akaizungusha kofia yake. "Sikiza. Mimi si mtoto, na wewe si mtoto. Sitaki kulala hapa. Nyumbani kwangu kuna mtu ambaye hangeniruhusu hata nikitaka. Nakuja asubuhi moja tu, natundika koti langu kwenye msumari ule ukutani, watu wanaona, wanahesabu nimekurithi, nakunywa chai, naenda. Basi. Kesho yake vijana wanapanda juu, unaezekewa."

Mimi nilikuwa nimesimama kando, na nakiri kwamba nilifurahi. Koti tu! Katika insha yangu nilikuwa nimetumia kurasa tatu kueleza namna desturi inavyojilegeza ili isivunjike, na sasa ilikuwa imekuja yenyewe nyumbani kwetu, ikiwa imevua kofia. Nilimtazama Mama nikidhani atakubali.

"Koti lako ni zuri, Shemeji," akasema Mama. "Lakini ule msumari una mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika."

"Tumemlaza. Siku atakapoamka aniulize ni koti la nani lile, nimwambie nini? Kwamba nilichoka kungoja?"

"Nyar Migori, watu hawaongei hivyo."

"Wewe huja kanisani kila Krismasi. Huwa unafuata nini?"

"Nyama," akasema baba mdogo. Alikuwa mkweli.

"Mimi hufuata mtoto. Alizaliwa ili watu wasiishie kaburini. Ikiwa jambo hilo ni uongo, lete koti kesho asubuhi, nitakutundikia mwenyewe kwa mikono yangu. Lakini ikiwa ni kweli, nyumba hii ina mwenyewe na mwenyewe hafi. Sasa mnanitafutia mwingine wa nini?" Akamwaga maharagwe mabovu uani, kuku wakakimbilia. "Na nikimaliza kuezeka, nitarudisha na ule mti juu."

Baba mdogo akasimama.  "Nyasi ni jambo moja. Mti huo usiuguse. Niliuvunja mimi." Kisha akanigeukia. "Jasomo, wewe uliyesoma, sema na mama yako."

Nikasafisha miwani. "Kuna mitazamo mbalimbali," nikasema.

Wote wawili wakanitazama jinsi watu wanavyomtazama kuku aliyeingia chumba cha wageni.

Siku iliyofuata Mama na mimi tulikwenda kwao, nje kidogo ya mji wa Migori, kutafuta nyasi. Za kwetu zilikuwa zimeliwa na mifugo mpaka mizizi. Kwa mjomba wangu, ng'ambo ya mto, zilikuwa bado ndefu kupita kichwa cha mtu. Mjomba alimkumbatia dadake, akachinja jogoo, akasikiliza habari yote.

"Nyasi nitatoa, dada yangu," akasema. "Mguu sitatoa. Nina watoto."

"Sikuja kuomba mguu," akasema Mama.

Tulikata siku tatu. Yeye alikata mafungu matatu nilipokata moja, na moja hilo alilifungua akalifunga upya. Tukapata lori lililotoka Kehancha na mahindi likielekea Homa Bay. Dereva alikuwa Mkuria, kwa hiyo hapo Kiswahili kilihitajika, nami nikajisogeza mbele kwa kuwa hatimaye kulikuwa na kitu ninachokijua. Lakini Mama hakuningoja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakikujali ngeli.

"Mama, hii nyasi yote ni ya ng'ombe?" akauliza dereva.

"Hapana. Ni ya nyumba ya Yesu. Iko na birthday."

Neno hilo moja la Kiingereza alikuwa amelipata kanisani. Dereva akacheka mpaka akaegemea mlango. "Basi wewe kaa mbele na mimi. Huyu kijana wa miwani akae na nyasi, asianguke nayo." Nikafika Rodi Kopany nimelala kifudifudi juu ya mafungu, mbegu zimejaa masikioni, nikipungiwa mkono na watoto.

Vijana wawili wa kuezeka walikuwa wameahidi kuja. Hawakuja. Mmoja alituma neno kwamba ameumwa na jino, mwingine kwamba amempeleka yule wa jino kwa mganga. Zilikuwa zimebaki siku nne. Mchungaji alifika, akalizunguka paa akilitazama kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema atatuombea kwa nguvu zote akiwa chini.

Mama akanitazama.  Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mwanawe wa pekee alikuwa amesimama karibu nayo, mwenye afya, mwenye miaka ishirini na mbili, aliyethibitisha kwa kurasa kumi na nane kwamba chira ni namna tu ya jamii kujilinda.

Nikapanda. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Baba mdogo alikuwa amekuja na kigoda chake akaketi kwenye kivuli cha ua.  Alikohoa tu. Sijui kama alikohoa kwa makusudi; mtu yeyote anaweza kukohoa. Lakini mguu wangu uliokuwa ukielekea kidato cha nne ulibaki hewani. Niliwaona wote waliokonda. Niliona mikono yangu mwenyewe ikiwa fito. Yote niliyosoma yalinitoka, nikabaki na hofu tu.

Nikashuka. "Ngazi hii imeoza," nikasema.

Mama akaitazama ngazi. Ilikuwa imembeba Baba, aliyekuwa mara mbili yangu. "Labda," akasema, akaingia ndani. Nilitamani anitukane.

Aliyenitukana alikuwa rafiki yake, mama mmoja mnene aliyeuza omena, visamaki vidogo vya ziwani, sokoni Rodi, ambaye alisafiri mpaka Sori kila wiki kuzifuata na alikuwa na sauti ya kuita mashua. Alifika mchana akiwa na wanawake wengine wanne wa kanisa, akaambiwa yaliyotokea.

"Kwa hiyo wanaume wamekwisha?" akauliza uani, kwa sauti ambayo waliokuwa barabarani waliisikia. "Yupo wa jino, yupo wa kukohoa, yupo wa kuomba akiwa chini, na yupo huyu wa kusoma. Nani alisema mguu wa mwanamke hauna vidole?"

"Mwanamke hapandi paa," akasema baba mdogo kutoka kivulini.

"Mwanamke hapandi paa kwa sababu ya nini, baba?"

Baba mdogo akafikiri. "Kwa sababu chini kuna watu."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa tatizo halisi, maana watu walikuwa tayari wameanza kukusanyika chini. Muuza omena akamgeukia mchungaji. Kanisa letu lilikataza wanawake kuvaa suruali. Lilikuwa somo la mara kwa mara. "Mchungaji, chagua mwenyewe. Mapaja yetu yaonekane na kijiji kizima, au tuvae suruali siku mbili?"

Mchungaji akatazama mbinguni, kisha akatazama umati. "Bwana hutazama moyo," akasema, "nanyi vaeni suruali."

Ndipo Mama alipotoka nyumbani na kuniomba jinzi yangu. Nilikuwa nimeweka akiba miezi mitatu nikila mlo mmoja ili kuinunua. Aliikunja miguuni mara mbili, akaifunga kiunoni kwa leso, akaweka mkono juu ya ngazi ileile niliyosema imeoza. Akapanda bila kusimama kidato cha nne.

Nimeishi kuona mambo kadhaa ambayo watu huyaita makubwa. Nimeketi kwenye kumbi ambamo watu wenye majoho walipigiana makofi, na siku moja makofi hayo yalikuwa yangu. Sijawahi kuona kitu kilichonijaza kifua kama wanawake sita wa makamo wakiwa juu ya paa la nyasi, wamevaa suruali za waume zao, za wana wao, na moja ya sare ya shule ya upili, wakitupa nyasi zilizooza chini kwa wingi mpaka mchungaji akahama mahali pa maombi yake. Hawakujua vizuri kuezeka. Mama alijua kwa kutazama, kwa kuwa alimpa Baba nyasi mkononi mara zote mbili alizoezeka nyumba hiyo. Alikuwa akisema, "Baba yake huyu alianzia chini, akazunguka," nao wakaanzia chini, wakazunguka.

"Mama!" akapiga kelele mlevi mmoja kutoka barabarani. "Ukianguka utaangukia wapi?"

"Juu yako!" akajibu muuza omena. "Kaa hapohapo, usisogee!"

Umati ukacheka, na baada ya kicheko hicho watu wakawa upande wetu kidogo. Wasichana wakaanza kubeba mafungu. Mimi pia nilibeba, mpaka chini ya ngazi. Nilikuwa hodari sana kutoka kwenye rundo mpaka chini ya ngazi.

Siku ya pili, kabla ya saa kumi, walifika kileleni. Mama alikuwa amekwisha kuchonga mti wa osuri mpya, kutoka tawi la mti wa siala, na aliuacha umelazwa uani. Wakati wa kuuhitaji alitazama chini. "Nani atanipa ule mti?"

 Nyasi watu walikuwa wameshazizoea. Kicheko kilikuwa kimezipunguzia makali. Lakini mti ule haukuwa nyasi. Kuuweka tena juu ya nyumba ambayo mwanamume wake amelala kaburini, hatua ishirini kutoka hapo, watu wakikuona, lilikuwa ni kusema kitu, na kila mtu pale alijua ni kitu gani. Wale wasichana wakarudi nyuma. Baba mdogo alikuwa amesogeza kigoda chake tangu asubuhi, kidogo kidogo, na sasa nikaona mguu wake wa kulia umekanyaga mti.

Mama hakuita mara ya pili. Alikaa pale juu, ameshika ufito kwa mkono mmoja, jinzi yangu imeraruka gotini, anangoja. Na nilielewa kitu ambacho hakikuwemo kwenye insha. Nilielewa kwamba kwa miaka miwili mwanamke huyu alikuwa peke yake kabisa katika neno moja, kwamba Mwokozi amezaliwa na kwa hiyo mumewe hajapotea; na kwamba kila tone lililoanguka kwenye sufuria lilikuwa likimwuliza kama ana hakika, naye akajibu kila mara kwa kusogeza sufuria. Sasa alikuwa ameomba kitu kimoja kutoka chini. Nikiendelea kusimama, atashuka achukue mwenyewe, na nitakula Krismasi ndani ya nyumba hiyo, na nyinginezo baada yake, nikijua.

Nikaenda mbele ya baba mdogo, nikapiga goti moja kama tulivyofundishwa.

"Baba, naomba huo mti."

"Unajua unaomba nini?"

"Sijui vizuri."

"Chuo kikuu hakikukufundisha?"

"Kilinifundisha jina lake tu."

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niliuvunja kwa mkono huu," akasema polepole. "Kaka yangu alikuwa ameinama juu yangu siku aliponifundisha kuandika jina langu, na mimi nikapanda nikamvunjia mti wake. Tangu siku hiyo siutazami upande huu wa paa." Kisha akauondoa mguu.

Nilipanda nikiwa na mti kwapani. Sitadai kwamba sikuogopa. Niliogopa kidato cha nne, niliogopa cha tano, na nilipofika juu nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyevuliwa ziwani. Mama akaupokea, akauingiza katikati, akaupigilia kwa gogo. Hakuomba kwa sauti. Alisema tu, kana kwamba anamwambia mgeni aketi, "Mwenye nyumba, karibu." Halafu akanipa kamba na fungu la mwisho. "Haya, wewe funga shingo yake, hapa mti unapokutana na nyasi. Funga vizuri."

Kando yetu paani, muuza omena akapiga vigelegele peke yake. Halafu wengine wakamwitikia.

Siku ya Krismasi ibada ilichelewa kwa sababu mchungaji alihubiri kwa muda mrefu kuhusu kupanda. Tukaenda kwa Mama watu arobaini hivi, na mvua ikatukuta mlangoni. Ilikuwa mvua ya Desemba ya kwetu, isiyobisha hodi. Watu wakajazana ndani, wakaketi kwenye mikeka na viti vya kuazima, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyegusa chakula. Wote walikuwa wakitazama juu. Walikuwa wakisikiliza. Mama alikuwa ameweka sufuria, karai na mkebe rafuni kwa makusudi, vimefunikwa kifudifudi, mahali ambapo kila mtu angeviona.

Hapakuvuja. Mvua ilipiga nyasi mpya kwa sauti nene kama ya watu wengi wanaonong'ona, na maji yakateremka nje kotekote.

Mlangoni akasimama baba mdogo, amelowa chapachapa, kofia mkononi. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye gazeti.  Kwa kanuni zake, kuingia mle kulikuwa ni kuketi chini ya chira pamoja nasi.

"Nimekuja kuangalia," akasema, "kama mna chira au mna wali."

"Wali upo, Shemeji," akasema Mama. "Na nyama, ndiyo unayoifuata."

Akaingia. Akanyoosha lile gazeti kwa mikono miwili. Ndani yake kilikuwa kile kipande cha mti wa zamani, kikavu, kimelainika kwa kushikwashikwa. Alikuwa amekihifadhi miaka miwili chini ya kitanda. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akaondoka kwenda nacho mpaka ukutani, akakifunga kwa uzi kwenye ule msumari. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa muda mfupi, akiwa ametugeuzia mgongo. Kisha akageuka akapakua.

Tulikuwa katikati ya chakula, mchungaji akiwa kwenye kiti cha heshima chini ya kilele, wakati tone moja lilipoanguka juu ya upara wake. Akajifuta. La pili likaanguka. Watu arobaini wakainua vichwa. Lilikuwa likitoka pale mti unapokutana na nyasi, kwenye shingo.

"Hapo," akasema Mama bila kuacha kupakua, "alifunga mwanachuo."

Baba mdogo akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Mwenye nyumba yupo," akasema, "lakini vibarua wake!" Nikaenda rafuni nikachukua mkebe wa mafuta, nikaupeleka kwa mchungaji mimi mwenyewe. Sijawahi kujivunia aibu yangu kama siku ile.

Hakuna aliyekonda. Nalisema hili kwa wanaotaka kujua. Muuza omena hata aliongezeka.

Mama alifariki kabla ya muongo ule kwisha, kwa moyo, asubuhi moja akiwa shambani. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa mjini, na insha yangu ilikuwa imechapishwa mahali fulani bila sura mpya niliyokusudia kuongeza na ambayo sikuwahi kujua jinsi ya kuiandika. Tulimzika kando ya Baba. Kisha vijana wa ukoo, wale waliokuwa watoto mwaka ule wa nyasi, wakaleta ngazi. Walikuwa wamezoea kwamba baada ya mazishi mti huvunjwa, na huu ulikuwa bado juu. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

Baba mdogo alikuwa mzee sasa, alitembelea fimbo. Akanyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"We, shuka," akasema.

"Lakini Baba, aliyekuwa na nyumba amekufa."

"Aliyewekewa ule mti hajafa," akasema baba mdogo. "Ulizeni huyu. Alikuwepo. Alifunga shingo."

Wakanigeukia wote, nami nilikuwa nimevaa siku hiyo, chini ya koti la msiba, jinzi ya zamani yenye kiraka cha leso gotini ambacho Mama alikishona baada ya kushuka paani. Watu wa mjini walikuwa wameniuliza asubuhi kama sina suruali nyingine.

"Ni kweli," nikasema. "Na bado panavuja kidogo. Leteni nyasi, nitapanda."